Jino la Nyoka Lisomwe Tangu Yaini

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Elimu ya viumbe hai haina ugomvi na msemo huo. Kitoto cha swila kinapolipasua ganda la yai lake na kutoa kichwa nje, tayari kina chonge mbili kinywani, tezi nyuma ya macho na sumu ndani ya tezi. Hakingoji kukua ndipo kidhuru. Hata hivyo kuna jambo ambalo msemo huo hauligusi. Kabla ya kuwa nyoka kamili, kitoto hicho kilikuwa kiinitete kisicho na mfupa hata mmoja kichwani, na chonge zake hazikuchipuka mahali zilipo sasa. Zilichipuka nyuma, karibu na mwisho wa taya la juu, zikasogezwa mbele kadiri kichwa kilivyokua. Safari hiyo fupi ya jino ndani ya yai imebadili mawazo ya wataalamu juu ya nyoka wenye sumu, nayo yapasa ibadili pia namna nyoka wanavyofundishwa katika shule na vyuo vya uganga vya Afrika ya Mashariki.

Kwa miaka mingi vitabu vya shule na vya mwongozo vimewagawa nyoka kwa kutazama vinywa vya nyoka wazima. Fungu la kwanza ni la wale wenye meno mengi yanayofanana, kama chatu. Fungu la pili ni la wale wenye chonge nyuma ya taya la juu, chini ya jicho au nyuma yake. Fungu la tatu ni la wale wenye chonge mbele: swila, koboko, kifutu na jamaa zao. Mgawanyo huu ni mwepesi kukumbukwa, na kwa mwenye kutambua nyoka porini una manufaa yake. Lakini umezaa dhana mbili ambazo hazina budi kuondolewa. Ya kwanza ni kwamba chonge ya nyuma na chonge ya mbele ni viungo viwili visivyo na undugu. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kwamba chonge ya nyuma ni chonge changa isiyokamilika, na kwamba mwenye nayo si nyoka wa kuogopwa.

Dhana hiyo ya pili imewagharimu uhai hata watu waliowajua nyoka kuliko wengi. Mnamo Septemba 1957 Karl P. Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa reptilia wa jumba la makumbusho la viumbe huko Chicago, aliumwa na Dispholidus typus mchanga, yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa na chonge za nyuma. Hakutafuta matibabu mapema. Aliendelea kuandika dalili alizoziona mwilini mwake, na siku ya pili yake akafariki. Mnamo 1975 Robert Mertens wa Frankfurt, naye bingwa wa fani hiyo hiyo, alikufa baada ya kuumwa na Thelotornis aliyekuwa akimfuga, nyoka mwembamba afananaye na kijiti kikavu. Nyoka wa aina hizi mbili wanaishi Kenya na Tanzania. Sumu zao huuharibu uwezo wa damu kuganda, na madhara yake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata mgonjwa akadhaniwa mzima. Dawa ya kawaida inayochanganya kinga dhidi ya sumu za nyoka wengi haimfai aliyeumwa na Dispholidus. Yeye ana dawa yake peke yake, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Dhidi ya sumu ya Thelotornis hakuna dawa ya namna hiyo kabisa. Basi mhudumu wa zahanati aliyefundishwa kwamba meno ya nyuma hayadhuru, amefundishwa kumrudisha nyumbani mgonjwa ambaye angepaswa kulazwa na kuangaliwa usiku kucha.

Ili kulielewa jino, yafaa kuanza na fuvu linalolibeba. Nyoka atagapo, kiinitete kilichomo yaini huwa tayari kimejikunja kama kamba na kina kichwa chenye macho makubwa, lakini kichwa hicho ni laini chote. Gegedu hutangulia. Chini ya ubongo hutokea fito mbili za gegedu, ambazo katika mijusi huungana kwa mbele na kuwa ufito mmoja. Katika nyoka hukaa mbalimbali, zikienda sambamba kuelekea puani. Kisha mifupa huanza. Mingi ya mifupa ya paa la kichwa na ya mataya haipitii hatua ya gegedu kabisa, bali hujengeka moja kwa moja ndani ya utando, na miongoni mwa ile ya mwanzo kuonekana ni mifupa ya kaakaa ibebayo meno. Mifupa ya paji na ya utosi nayo hukua ikishuka pande zote mbili, mpaka ubongo ukawa umefungiwa kama ndani ya kisanduku. Mjusi hana kisanduku kilichofungwa hivyo. Nyoka anakihitaji, kwa kuwa windo zima, pengine lingali hai na linajitupatupa, hupita chini tu ya ubongo wake.

Husemwa mara nyingi kwamba nyoka huteguka mataya amezapo. Hateguki. Nusu mbili za taya lake la chini haziungani kidevuni, bali hushikwa kwa kano inyumbukayo, na kila nusu huweza kwenda upande wake. Aidha, mfupa uitwao kwadrati, ambao taya la chini huning'inia kwao, katika kiinitete kichanga huelekea mbele. Kadiri siku zipitavyo huzunguka ukirudi nyuma, na kona ya kinywa ikarudi nao. Kwa nyoka wengi mzunguko huo huendelea hata baada ya kuanguliwa. Yafaa kukumbusha hapa kwamba mfupa huo huo katika binadamu umepungua ukawa fuawe, kijifupa kidogo ndani ya sikio, na kwamba Mjerumani Reichert aliutambua undugu huo mwaka 1837 kwa kuchunguza viinitete. Mifupa ya wanyama wazima peke yake isingemwonyesha.

Jino la kwanza la nyoka kufanya kazi si chonge. Ni jino la yai, jino halisi lililoota katikati ya ncha ya taya la juu na kuelekea mbele, ambalo kitoto hulitumia kulikata ganda kama kwa wembe. Baada ya siku chache hung'oka. Mijusi wanalo vilevile. Mamba na kobe hawana. Wao, kama kifaranga cha kuku, hutumia kipande kigumu cha ngozi kilicho juu ya pua.

Meno mengine huanza kama utepe. Ngozi laini ya kinywa huzama ndani ya taya mithili ya pindo la nguo, na kutoka katika utepe huo vichipukizi vya meno huota kimoja baada ya kingine. Mahali utepe utakapotokea hutambulikana mapema, kwa kuwa jeni moja iitwayo sonic hedgehog huanza kufanya kazi hapo. Mwaka 2008 Freek Vonk, Michael Richardson na wenzao wa Leiden, Uholanzi, walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa viinitete 96 vya spishi nane, ambamo waliifuata jeni hiyo kama mtu afuataye nyayo. Katika nyoka wa jamii ya chatu waliona utepe mmoja ukienda tangu mbele hadi nyuma ya taya la juu. Katika nyoka wenye chonge za nyuma waliona tepe mbili zilizojitenga, wa mbele ukizaa meno ya kawaida na wa nyuma ukizaa chonge. Katika nyoka wenye chonge za mbele, ambako mtu angetazamia utepe wa mbele uwe na nguvu, haukuwapo. Jeni ilikuwa kimya sehemu yote ile. Chonge ziliota katika utepe wa nyuma, kwa namna ile ile kama za wenzao, kisha taya likakua kwa kasi isiyo sawa hata chonge zikajikuta mbele. Miongoni mwa nyoka hao nane alikuwamo Causus rhombeatus, nyoka wa usiku wa jamii ya kifutu apatikanaye Kenya, Uganda na Tanzania, ambaye tofauti na kifutu mwenyewe hazai watoto hai bali hutaga mayai.

Kwa maneno mengine, chonge ya mbele ni chonge ya nyuma iliyohamishwa. Kifutu na Dispholidus hawana vifaa viwili tofauti. Wana kifaa kimoja kilichokaa mahali pawili. Tezi ya sumu nayo hukua ikihusiana kwa karibu na sehemu hiyo ya nyuma, na huenda kule kujitenga kwa utepe wa nyuma ndiko kulikoipa chonge na tezi nafasi ya kubadilika pamoja bila kuyavuruga meno mengine. Hayo ni maelezo ya kuridhisha zaidi kuliko ile ngazi ya zamani ya vitabuni, ambayo ilimweka chatu chini, nyoka wa chonge za nyuma katikati, na kifutu juu kabisa kana kwamba wote walikuwa njiani kuelekea kuwa vifutu.

Habari ya mrija wa chonge ni ya kuvutia vilevile, na hueleweka vibaya vilevile. Wengi hudhani jino bapa lilikunjwa kama karatasi likawa mrija. Sivyo linavyojengwa. Jino la nyoka huanza ncha, likaongezewa kidogo kidogo kuelekea shinani. Katika kichipukizi cha chonge, ngozi ijengayo jino hujibonyeza kwa ndani ikafanya mfereji. Kingo za mfereji zikasogeleana na kukutana, na toka hapo sehemu zinazoongezwa hujengwa zikiwa na mrija tayari, mpaka karibu na shina ambako mlango wa kuingilia sumu huachwa wazi. Katika nyoka wa chonge za nyuma mfereji hubaki mfereji. Mtu atasema basi kwamba hao wameishia nusu ya njia. Hilo ni kosa la kufikiri. Kwa sababu kiinitete cha kifutu hupitia hatua ya mfereji haifuati kwamba mfereji ni kasoro. Dispholidus hukamata vinyonga na ndege kwa mfereji wake bila taabu. Ukali wa kuumwa hutegemea aina ya sumu, wingi wake na muda ambao nyoka ameng'ang'ania, na hayo hayaonekani kwa kulitazama jino tu.

Wala isidhaniwe kwamba mambo yote yamekwisha kutatuliwa. Chonge za mbele zilitokea zaidi ya mara moja: katika jamii ya swila na koboko, katika jamii ya kifutu, na katika Atractaspis, yule nyoka mweusi wa ardhini ambaye huchomoza chonge moja kando ya mdomo uliofumba na kudunga kwa upande. (Ndiyo maana mshika nyoka hodari, ambaye humkamata kila nyoka nyuma ya kichwa, hudungwa kidole na huyu.) Mwaka 2021 Alessandro Palci na wenzake walionyesha kwamba nyoka wengi, hata wasio na sumu, wana mikunjo midogo ya dentini kwenye shina la jino, na kwamba mkunjo mmoja ukirefuka huweza kuwa mfereji. Ikiwa ni hivyo, malighafi ya chonge ilikuwa kinywani mwa nyoka tangu zamani, na jamii mbalimbali ziliitumia kila moja kwa wakati wake. Ni mayai ya jamii hizo yatakayothibitisha au kukanusha.

Mayai hayo yanatagwa hapa. Hata hivyo spishi za Afrika zimekuwa zikisomwa mbali. Causus amesomwa Leiden. Chatu wa Afrika, Python sebae, amesomwa Kanada: mwaka huo huo wa 2008 Marcela Buchtová, Joy Richman na wenzao walieleza kwamba kazi ya jeni ile ikizuiwa katika taya la kiinitete cha chatu, utepe wa meno haukui ipasavyo. Hakuna ubaya katika kazi hizo, na hakuna sababu ya kuwalaumu walioifanya. Lakini Waafrika wameonyesha pia kwamba kazi ya namna hii hufanyika nyumbani. Huko Cairo, Kamal na Hammouda walichapisha mwaka 1965 maelezo ya hatua kwa hatua ya fuvu la Psammophis sibilans, wakitumia vipande vyembamba vilivyotiwa rangi, hadubini na subira. Nusu karne baadaye, mwaka 2015, Eraqi Khannoon wa Chuo Kikuu cha Fayoum, pamoja na Susan Evans wa London, walieleza ukuaji wa fuvu la swila wa Misri, Naja haje. Swila huyo hakai Misri tu. Yuko Kenya, Uganda na Tanzania. Maarifa ya kichwa chake yametoka Misri kwa sababu huko palikuwa na idara iliyoona kwamba kiinitete cha nyoka ni jambo la kushughulikiwa na watu wazima wenye shahada, na ikawarithisha wanafunzi wake mtazamo huo.

Lipo pingamizi, tena zito. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto wao. Yupo mgonjwa aliyelala sakafuni katika zahanati isiyo na dawa. Kumweleza kwamba fedha zitatumika kutazama mayai ya nyoka ni kama kumdhihaki. Pingamizi hili halijibiwi kwa kusema tu kwamba elimu ni njema kwa ajili yake yenyewe. Dawa inunuliwe kwanza, na pasiwe na shilingi ya dawa iliyohamishiwa maabara.

Lakini yai na dawa haviko mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka 2020 maabara ya Hans Clevers huko Utrecht ilieleza katika jarida la Cell jinsi ilivyokuza katika vyombo vya maabara vifundo hai vya tezi ya sumu, vyenye kutoa sumu, bila nyoka kushikwa na kukamuliwa. Tezi zilizotumika kwa kazi hiyo ya mwanzo zilikuwa za Aspidelaps lubricus, nyoka wa kusini mwa Afrika, nazo zilitolewa katika vitoto ambavyo vilikuwa bado havijaanguliwa. Asiyejua ni siku ya ngapi tezi ya koboko huanza kujengeka, na imekaa wapi kichwani, hawezi hata kuanza kazi kama hiyo. Na zaidi ya hapo, dhana ya kwamba chonge za nyuma hazidhuru haitaondolewa kwa tangazo. Itaondolewa na mwalimu aliyewahi kuona kwa macho yake, katika chupa ya gliserini, kwamba chonge ya swila na chonge ya Dispholidus huanzia mahali pamoja.

Gharama ya kuona hivyo ni ndogo kuliko iaminiwavyo. Vyombo vya kupiga picha za tabaka kwa eksirei ni ghali, lakini si vya lazima kwa kuanzia. Kiinitete kilichohifadhiwa katika formalini, kikatiwa rangi ya buluu ya alsiani ishikayo gegedu na rangi nyekundu ya alizarini ishikayo mfupa, kisha kikalainishwa kwa potasi hafifu na kutiwa katika gliserini, hugeuka kuwa kama kioo, na ndani yake fuvu lote huonekana, buluu na jekundu, jino kwa jino. Kazi hiyo huifanya mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa na msimamizi mwangalifu.

Mayai yenyewe yasitafutwe kwa kuwatuma watu vichakani. Hilo lingekuwa hatari kwa watu na hasara kwa nyoka, ambao huwala panya wa ghalani na shambani. Kuna mahali nyoka wanafugwa kwa ajili ya maonyesho, mafunzo na sumu, kama Watamu katika pwani ya Kenya na Meserani karibu na Arusha, na nyoka wafugwao hutaga. Linalohitajika ni mapatano kati ya wafugaji hao, idara za zuolojia na mamlaka za wanyamapori juu ya nani apewe mayai, mangapi, na kwa kibali gani, ili mengi yaachwe yaanguliwe na machache yasomwe. Swila wa Misri huweza kutaga mayai 20 kwa mara moja, nayo hukaa kama siku 60 kabla ya kuanguliwa. Nyoka wa mahabusuni akitaga mara mbili, mayai kumi ya kila utagaji yakifunguliwa moja baada ya kila siku sita, ya kwanza yakianza siku ya kutagwa na ya pili siku tatu baadaye, mfululizo wote tangu fito za gegedu hadi chonge yenye mrija huwa umepatikana, na nusu ya vitoto hubaki hai.